Kukaza Kundi kwa Namna ya Koto

Katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na yale ya New York, vinubi vinavyoonyeshwa kama fahari ya Kongo vimetoka kaskazini ya Kisangani. Shingo imepinda, juu yake kimechongwa kichwa cha mtu, na sanduku limevikwa ngozi. Watafiti Herbert Lang na James Chapin walipita hapa mjini Kisangani, enzi hizo ukiitwa Stanleyville, katika msafara wao wa 1909 hadi 1915, wakarudi Marekani na shehena ya vitu vya Wamangbetu na Wazande. Vingi vya vinubi hivyo vyenye vichwa vilichongwa kwa ajili ya zawadi na wageni kuliko kwa ajili ya muziki. Cha kupigwa hasa ni kundi (tusilichanganye na kundi la watu), kinubi cha Wazande wa Uele chenye nyuzi tano. Mtunzi wa huku anayevutiwa na muziki wa Kijapani hana haja ya kuota kinubi cha okestra. Hiki kinamfaa zaidi.

Wajapani nao walikuwa na kinubi. Mabaki ya kinubi chao cha kale, kugo, yamehifadhiwa Shosoin mjini Nara tangu karne ya 8, lakini upigaji wake ulikatika, na mafundi wa siku hizi wamelazimika kukiunda upya. Kilichobaki hai ni koto, ubao mrefu wenye nyuzi 13, kila uzi ukiwa na daraja lake linalosogezwa ili kupandisha au kushusha sauti. Kwenye koto ndiko mtunzi wa kinubi anakojifunza.

Ukazaji wake maarufu unaitwa hirajoshi, na mwenye kuhusishwa nao ni Yatsuhashi Kengyo, mwanamuziki kipofu wa karne ya 17. Tukianzia Do, tunapata Do, Re bemoli, Fa, Sol, La bemoli. Ladha yake imo katika zile nusu-toni mbili. Ukazaji wa kundi nao una sauti tano, ila kwa kawaida hauna nusu-toni, kwa hiyo anayedhani kila ngazi ya sauti tano ni ya Kijapani amekosea. Kama kundi lako linakaribia Do, Re, Fa, Sol, La, zungusha vigingi viwili tu: Re ishuke nusu-toni, La ishuke nusu-toni. Umemaliza. (Nasema “linakaribia” kwa sababu hakuna mzee aliyekaza kundi lake kwa kufuata piano.)

Mwenye kinubi cha okestra, chenye nyuzi 47 na pedali 7, ana kazi zaidi. Akitaka kupitisha vidole juu ya nyuzi zote bila sauti ngeni kuingia, hirajoshi ya Do itakubali: Si na Mi zipandishwe hadi zilingane na Do na Fa, Re na La zishushwe. Lakini akianzia Mi, uzi wa Sol utamgomea, kwa maana hata ukishushwa au kupandishwa hauwi Fa wala La.

Hata hivyo, ukazaji ni sehemu nyepesi. Mtunzi Toru Takemitsu aliandika *Toward the Sea III* ya filimbi alto na kinubi mwaka 1989 akizungukia sauti tatu, Mi bemoli, Mi na La, wala hakuhitaji hirajoshi ili asikike Mjapani. Cha kusikiliza ni jinsi sauti inavyoachwa ife kabla ya nyingine kuzaliwa, na jinsi mwendo unavyokua. *Rokudan*, kazi ya koto inayonasibishwa na Yatsuhashi, ina sehemu sita. Kila moja ina mapigo 104, ya kwanza ikiwa na nyongeza kidogo. Inaanza polepole sana, inachangamka sehemu hadi sehemu, kisha inatulia mwishoni.

Hapo ndipo penye mgongano, na utamu. Kundi huzunguka: mikono miwili inapokezana mfululizo mfupi, tena na tena, na mwimbaji anapanda juu yake. Ukiuvunja mzunguko huo ili uige ukimya wa koto, umelipoteza kundi na koto hujaipata. Ningeshauri mzunguko ubaki, ila uanze ukiwa na mapengo, sauti mbili tu, kisha nyuzi nyingine ziingie moja moja kadiri kasi inavyopanda. Mpiga koto hubonyeza uzi nyuma ya daraja ili sauti ipande kidogo. Kwenye kundi hakuna daraja, lakini ukisukuma uzi kwa kidole karibu na kigingi, sauti nayo hupanda. Ngozi huimeza sauti upesi, basi usisubiri mno.

Wapo waliovuka kutoka upande wa pili. Anyango, mwanamke kutoka Tokyo, alikwenda Siaya nchini Kenya kukaa na Wajaluo na kufundishwa nyatiti, ala yao ya nyuzi, kabla hajaichanganya na muziki wa kwao. Utaratibu huo ni mzuri hata kwetu. Kwa hiyo, kabla hujalegeza uzi wowote, chukua simu yako urekodi zile sauti tano kama alivyozikaza mzee mwenyewe, pamoja na jina lake na la kijiji chake.