Kidonda kinachokataa dawa: Tazama mfupa kabla ya kumtafuta mchawi

KATIKA simulizi za uchawi, kidonda cha kurogwa hakisikii dawa ya hospitali. Mzazi wa Kibondo au Kasulu anaweza kukutana na kidonda kama hicho nyumbani kwake. Mtoto hakukatwa na jembe wala kuchomwa na mwiba, lakini mguu unavimba, unatoboka wenyewe na kutoa usaha. Anameza dawa, kidonda kinakauka, kisha kinafumuka tena. Majirani wananong’ona: “Huyo katupiwa.”

Mara nyingi tatizo liko kwenye mfupa. Bakteria huufikia kwa njia ya damu, na sehemu yake hufa. Dawa nayo husafirishwa na damu. Mfupa uliokufa haupati damu, hivyo bakteria waliomo hawafikiwi na dawa. Watoto wenye selimundu wako kwenye hatari zaidi.

Mzazi, usibandike majani wala kurudia vidonge vya dukani. Mpeleke mtoto hospitali apigwe eksirei. Mfupa uliokufa huondolewa kwa upasuaji. Na mtoto mwenye homa anayeshindwa kukanyagia mguu mmoja, mpeleke siku hiyo hiyo. Hapo mfupa bado uko hai, na dawa ya kawaida mara nyingi humponya.