Asilimia Isitudanganye: Wazee Wetu Wanaongezeka

Anayezipitia takwimu zetu kwa haraka atadhani uzee ni jambo la Japani na Italia. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na wenye miaka 60 na zaidi hawakufika hata asilimia 6. Mwaka 2012 hali ilikuwa karibu hiyo hiyo. Lakini katika kipindi hicho wazee waliongezeka kutoka takribani milioni 2.5 hadi zaidi ya milioni 3. Asilimia ilitulia kwa sababu watoto nao walizaliwa kwa wingi.

Wengi huamini kwamba taifa huzeeka kwa kuwa watu wake wanaishi miaka mingi. Hiyo ni sababu, ila kubwa zaidi ni uzazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikuwa na wastani wa watoto 6 hivi. Utafiti wa 2022 ulikuta 4.8, na mijini 3.6. Watoto wakipungua, fungu la wazee hupanda lenyewe. Ufaransa ilichukua miaka 115 hadi fungu la wenye miaka 65 na zaidi likapanda kutoka asilimia 7 kufikia 14. Japani ilimaliza safari hiyo kwa miaka 24, kati ya 1970 na 1994. Wanaochelewa kuanza huenda mbio, na Japani angalau ilikuwa imeshatajirika.

Huku Dodoma jambo hili lina sura yake. Mkoa ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012. Miaka 10 baadaye walikuwa 3,085,625. Jiji linafurika vijana, lakini baadhi yao wametoka Chamwino, Bahi na Mpwapwa, ambako wazazi wamebaki wakilima mtama na uwele kwa jembe la mkono, wakitegemea msimu mmoja wa mvua, na mara nyingi wajukuu wako mikononi mwao. Mfuko wa PSSSF, wenye makao makuu hapa hapa jijini, huwalipa waliokuwa watumishi wa umma. Mkulima wa uwele hana mwajiri wa kumchangia. Pensheni yake ni watoto wake, na watoto hao wanapungua huku wakilipa kodi ya nyumba mjini.

Zanzibar ilikwisha kuonyesha njia. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyetimiza miaka 70 hupata pensheni jamii, awe alichangia mfuko wowote au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni fedha kidogo, lakini bibi ana hakika nazo kila mwezi. Bara bado hatuna mpango wa namna hiyo, na kwangu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote katika hifadhi ya jamii.

Kijana aliyehesabiwa Agosti 2022 akiwa na miaka 20 atatimiza 60 mwaka 2062. Wazee wa mwaka huo wamekwisha kuzaliwa, idadi yao inakadirika leo, na bajeti ya kuwaandalia uzee wao inapaswa kuanza kujadiliwa bungeni sasa.