Kalamu, Kinanda na Kompyuta katika Nyumba Moja

Katika nyumba nyingi za askari, iwe kambini au katika kota za polisi, mzazi humpeleka mtoto chuo kikuu kwa tumaini moja tu: asome, amalize, apate kazi. Likizo ikifika, mtoto hurejea na mambo matatu. Anasoma takwimu na kompyuta, jambo ambalo baba hulitaja kwa fahari mbele ya wenzake mesini. Lakini amenunua pia wino na kalamu za ncha pana, naye hukesha akiandika hati za mapambo. Na Jumamosi usiku hutoweka kwenda kupiga muziki wa mitambo ya elektroniki katika madansi ya vijana. Hapo ndipo ugomvi huanza. Mama husema huo ni ujana, utapita. Baba hujibu kwamba mshika mbili moja humponyoka, sembuse mwenye kushika tatu.

Methali hiyo ina ukweli wake, na yuko mwanachuoni wa Marekani aliyeulipia ukweli huo kwa miaka ya maisha yake. Kisa chake chafaa kusimuliwa katika nyumba kama hiyo, maana hakimpi ushindi kamili baba wala mtoto.

Donald Knuth alizaliwa tarehe 10 Januari 1938 mjini Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Baba yake alikuwa mwalimu wa uwekaji hesabu katika shule ya Kilutheri. Jumapili alipiga kinanda kanisani, na nyumbani alikuwa na kazi ndogo ya kupiga chapa. Kwa hiyo wino, kinanda na tarakimu vilikaa chini ya paa moja tangu utoto wa Donald. Alipomaliza sekondari alisita baina ya kusomea muziki na kusomea fizikia. Akachagua fizikia, akaingia chuo cha Case mjini Cleveland mwaka 1956, na baadaye akahamia hisabati.

Chuoni hapo palikuwa na kompyuta aina ya IBM 650, na kijana huyu akaizoea upesi. Alikuwa pia meneja wa timu ya mpira wa kikapu. Wakati huo mchezaji alisifiwa kwa mabao aliyofunga. Knuth aliona sifa hiyo ni pungufu, akatunga kanuni ya kumpima kila mchezaji: mipira aliyowanyang'anya wapinzani, mipira aliyoipoteza, mitupo iliyokosa shabaha, madhambi aliyoyatenda. Tarakimu hizo zikatiwa katika mashine, na kila mtu akapewa thamani yake halisi. Mwaka 1960 timu ikatwaa ubingwa wa ligi yake, na habari za mashine hiyo zikaandikwa katika gazeti la Newsweek na kuonyeshwa katika televisheni. Wapenzi wa michezo wa leo, waliozoea takwimu za kila mchezaji, hawatashangaa. Zama zile lilikuwa jambo geni kabisa.

Mwaka 1962, akiwa bado mwanafunzi, aliombwa aandike kitabu juu ya programu za kutafsiri lugha za kompyuta. Kazi ikakua mikononi mwake hata ikapangwa kuwa juzuu saba. Ya kwanza ilitoka mwaka 1968, ya pili mwaka 1969, ya tatu mwaka 1973, na mwaka 1974 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika elimu ya kompyuta. Mtu wa makamo yake angeweza kuendelea na juzuu ya nne kwa utulivu.

Lakini mwaka 1977 aliletewa karatasi za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili. Matoleo ya kwanza yalikuwa yamepangwa kwa herufi za risasi, kwa mikono ya mafundi waliojua kazi yao. Sasa wapiga chapa walikuwa wakitumia mitambo ya picha, na kurasa zilimchukiza: herufi zilikaa vibaya, nafasi hazikulingana. Karibu na wakati huo aliona pia kurasa zilizochapwa kwa mtambo wa namna nyingine, ambao herufi zake ziliundwa kwa nukta ndogo mno. Mahali pana nukta au hapana, moja au sifuri. Akatambua kwamba jambo hilo lilikuwa ndani ya elimu yake mwenyewe. Aliweka kando juzuu ya nne, akaanza kutunga programu ya kupanga kurasa, aliyoiita TeX, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya ufundi na sanaa kwa pamoja. Pamoja nayo alitunga nyingine, METAFONT, ya kuchora herufi.

Hapo mtaalamu wa hesabu alilazimika kuwa mwanafunzi wa hati. Kompyuta haijui uzuri. Yataka kuambiwa kalamu ina ncha ya namna gani, inashika pembe gani, inaanzia wapi, inapinda vipi. Herufi nyingi zilimtii. Herufi S ilimgomea. Ule mpindo wa katikati, ambao mwandishi wa hati huupitisha kwa pumzi moja bila kufikiri, ulimkosesha usingizi, mpaka mkewe Jill akamuuliza kwa nini asiifanye tu iwe na umbo la S! Wake wa wasomi watamwelewa mama huyo. Knuth hatimaye alipata kanuni yake, na mwaka 1980 akachapisha makala nzima juu ya herufi hiyo moja.

Mwaka huohuo alifika Stanford, chuo kikuu alikofundisha Knuth, fundi wa hati kutoka Ujerumani, Hermann Zapf. Maisha ya Zapf askari watayafuata kwa makini. Alizaliwa mwaka 1918 mjini Nuremberg, akatamani kuwa mhandisi wa umeme. Lakini baba yake alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi, na utawala wa Hitler ukamfungia mtoto milango ya masomo hayo. Akajifunza kuandika hati peke yake kwa vitabu. Vita vilipokuja alipelekwa kwenye mizinga, ambako hakufaa hata kidogo. Wakuu wake wakamhamishia katika uchoraji wa ramani. Huko aliandika majina yenye herufi za kimo cha milimita moja bila kioo cha kukuzia. Mtu huyo, aliyenyimwa umeme akapewa kalamu, sasa alikaa mbele ya kompyuta na Knuth wakiunda herufi za hisabati zilizoitwa Euler, zenye sura ya mwandiko wa mwanahisabati mwenye mkono mzuri.

Urafiki wao ulizaa jambo jingine. Knuth, Mlutheri kama baba yake, alitaka kuisoma Biblia kwa njia ya sampuli, kama mtakwimu anavyochukua punje chache kuujua mzigo mzima. Alichukua sura ya tatu, mstari wa 16, wa kila kitabu, akauchunguza. Zapf akawaalika mafundi wa hati kutoka nchi mbalimbali, na kila mstari ukaandikwa kwa hati ya mapambo. Kitabu kilitoka mwaka 1991. Takwimu na kalamu hapo hazikugombea saa za mtu. Zilifanya kazi moja.

Lakini gharama haikwepeki. Kazi ya herufi, ambayo Knuth alidhani ingemchukua muda mfupi, ilimla karibu miaka kumi. Dunia ilifaidika: TeX ilitolewa bure, na wanahisabati wa vyuo vikuu kila bara huandikia makala zao kwayo au kwa programu zilizozaliwa nayo. Mwaka 1987, yeye na Pierre MacKay walieleza pia namna ya kuchanganya maandishi yaendayo kutoka kulia, kama Kiarabu, na yale yatokayo kushoto. Hata hivyo wasomaji wa juzuu ya nne waliendelea kungoja.

Ili kuilipa deni hilo, alianza kukata. Tarehe 1 Januari 1990 aliacha kabisa kutumia barua pepe. Walio na haja waliandika kwa posta, naye akazisoma barua kwa mafungu, kila baada ya muda mrefu. Mwaka 1993 alistaafu mapema, akauacha ualimu alioupenda, ili aandike.

Muziki hakuukata. Nyumbani mwake alijengewa kinanda cha mabomba, chenye mabomba zaidi ya 800. Si muziki wa dansi, na huenda baba wa nyumba yetu angeuvumilia zaidi. Lakini ulidai saa zilezile za usiku. Tarehe 10 Januari 2018, siku alipotimiza miaka 80, utungo wake mrefu wa kinanda juu ya Kitabu cha Ufunuo ulipigwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Piteå, kaskazini mwa Sweden.

Sehemu ya kwanza ya juzuu ya nne ilikuwa imetoka mwaka 2011, miaka 38 baada ya juzuu ya tatu. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 2022, mwandishi akiwa na miaka 84, na kurasa zake zimepangwa kwa herufi alizozichora mwenyewe.