Nyanya aliyepoteza uso wake kwenye kompyuta

IKIWA nyumbani mwako kuna kijana anayesomea upigaji picha, bila shaka umewahi kumkuta saa tano za usiku amekodolea macho kompyuta, akiongeza mwanga hapa na kuupunguza pale. Wewe mzazi hupita ukaenda zako kulala ukidhani anacheza. Wala hachezi. Huenda wakati huo anaamua jambo litakaloichekesha familia nzima, au kuiliza.

Mmoja wa vijana hao ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja jijini Nairobi. Aliniomba nisimtaje jina, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa ni kwa nini.

Desemba ya 2022 alipokwenda mashambani kwa likizo alimpiga nyanya yake picha mlangoni pa jikoni. Ajuza huyo alikuwa mweusi tititi, uso umejaa mikunjo, na juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu alilolipata akipasua kuni enzi za usichana wake. Kijana alirudi mjini, akaifungua ile picha kwenye kompyuta na kuanza kazi. Alilainisha mikunjo, akafuta kovu, kisha akaing'arisha ngozi mpaka ikawa ya maji ya kunde. Alipoituma kwa simu, jamaa wote walimpongeza. Shangazi mmoja hata akasema nyanya amerudi ujana.

Miezi michache baadaye nyanya alifariki. Picha iliyochapishwa kwenye jalada la kijitabu cha mazishi ikawa ndiyo hiyo. Siku ya maziko, mwanamke mzee waliyeolewa pamoja kijijini alikishika kijitabu, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza huyu ni nani, na picha ya mwenyewe iko wapi. Hakuwa akifanya mzaha. Kijana alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo.

Sasa, mpenzi msomaji, usikimbilie kumlaumu. Kubadilisha picha hakukuanza na kompyuta. Tangu zama za filamu, mafundi walikuwa wakiziba mwanga kwa kiganja ndani ya chumba cha giza ili sehemu moja ya picha isiwe nyeusi mno, na wengine walichonga penseli wakapaka kwenye negativu yenyewe kuficha chunusi za mteja. Na kama uliwahi kupita kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, utakumbuka vile vibanda vya picha vilivyokuwa na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Mtu aliyeingia na viatu vyenye vumbi alitoka na picha yake akiwa kama anayeabiri ndege. Je, alimdanganya nani? Hakuna. Aliyepiga, aliyepigwa na aliyetumiwa picha kule bara, wote walijua kwamba ile ndege ni ya rangi. Huo ulikuwa mchezo wa wote.

Tatizo huanza pale mmoja anapocheza na mwenzake haelewi kwamba ni mchezo.

Chuoni, kijana wetu anatakiwa ajaribu kila aina ya picha kabla ya kuchagua moja. Alianza na wanyama, kwa kuwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi iko karibu. Mbuga hiyo ilianzishwa 1946, ina ukubwa wa takriban kilomita 117 za mraba, na ukisimama mahali pafaapo utamwona twiga na majumba ya jiji kwa mtazamo mmoja. Hapo ndipo alipogundua hila ya lenzi ndefu. Lenzi hiyo huvuta vitu vya mbali vikaonekana vimebanana, hata ukadhani twiga anangoja matatu kituoni. Wanafunzi wenzake walibishana kama huo ni uongo. Kwa maoni yangu, si uongo, kwa sababu hakuna kilichohamishwa. Mtu yeyote angesimama pale na lenzi ile angepata picha ileile. Linganisha na jambo lililotokea Februari 1982, jarida la National Geographic la Marekani lilipotumia kompyuta kusogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zitoshe kwenye jalada lililo wima. Piramidi zilikuwa zilezile na ngamia walikuwa walewale, lakini hakuna mahali nchini Misri ambapo ungesimama ukaziona vile.

Baadaye wakaja kwenye picha za habari. Hapa sheria ni kali kuliko kwingineko, na inafaa iwe hivyo. Unaruhusiwa kukata pembeni, kunyoosha picha iliyoinama na kurekebisha mwanga kiasi. Kuongeza kitu au kukiondoa ni mwiko. Mwaka 2006 mpigapicha mmoja aliyekuwa akiliuzia shirika la habari la Reuters picha kutoka Beirut aliunenepesha moshi wa mabomu kwa kompyuta. Moshi ulikuwepo kweli. Yeye aliuzidisha tu. Shirika lilivunja uhusiano naye na kuondoa sokoni picha zake zote, 920 kwa jumla. Angalia gharama: kwa sababu ya picha mbili zilizochezewa, hakuna aliyeziamini tena zile nyingine.

Nchini kwetu vijana wanaosomea fani hii hufundishwa habari za Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943 na aliyefariki 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Comoro. Picha zake za njaa ya Ethiopia za 1984 ziliamsha dunia nzima kutoa misaada. Hebu jiulize ingekuwaje kama ingegunduliwa baadaye kwamba mtoto mmoja tu kati ya wale alikondeshwa kwa ufundi wa mkono.

Mfano uliomgusa zaidi kijana wetu, hata hivyo, ulikuwa wa Juni 1994. Mchezaji mashuhuri wa Marekani, O.J. Simpson, alikamatwa akishtakiwa kwa mauaji. Majarida mawili, Time na Newsweek, yalitoa jalada lenye picha ileile ya polisi katika juma lilelile. Newsweek waliiacha ilivyo. Time waliutia weusi uso wake, na yalipopangwa sambamba kwenye meza ya muuza magazeti, kila mpita njia aliona tofauti. Time walilaumiwa vikali kwamba wamemfanya mtu mweusi aonekane wa kuogofya zaidi hata kabla ya kesi. Kijana aliniambia kwamba alipoonyeshwa majalada hayo darasani alimkumbuka nyanya yake papo hapo. Wale walitia weusi ili mtu atishe. Yeye aliuondoa ili mtu apendeze. Wazo lililo chini ya yote mawili ni moja.

Lakini kuna upande mwingine, na ni lazima niutaje kwa haki. Kamera yenyewe haikutengenezwa ikitufikiria sisi. Kwa miaka mingi, kadi ambazo kampuni ya Kodak iliwapa mafundi wa kusafisha picha ili wapimie rangi zilikuwa na sura ya mwanamke mzungu. Rangi zikimkaa yeye vyema, basi kazi imekwisha. Ndiyo maana katika albamu nyingi za zamani, baba aliyevaa shati jeupe amebaki meno na macho tu.

Hata leo kipimamwanga cha kamera hudhani kila kitu duniani ni cha rangi ya kijivu. Mwelekezee bibi harusi aliyevaa gauni jeupe, na kwa kuona weupe mwingi kitapunguza mwanga, na uso wake utazama gizani. Mwanafunzi anayepiga picha za harusi siku za Jumamosi ili apate nauli anapaswa kujua kupima mwanga wa uso badala ya gauni. Anaweza pia kumsogeza bibi harusi karibu na dirisha, au kumwomba mtu ashike karatasi ngumu nyeupe chini ya kidevu chake ili irudishe mwanga usoni. Ukifanya hivyo weusi wa ngozi unang'aa na kila mstari wa uso unaonekana. Kuumulika uso ni kazi ya mpigapicha. Kuuchubua ni kazi ya yule anayeuza krimu.

Wewe mzazi nawe una la kufanya. Mpigapicha akikuletea picha za harusi au za mahafali, mwombe nakala ambazo hazijaguswa, uzihifadhi kando. Na kama anataka kuweka picha ya mtoto wako hadharani ili kujitafutia wateja, akuombe ruhusa kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi.

Kijana wetu alikuwa na bahati, kwani hakuwa ameifuta nakala asili. Wiki mbili baada ya mazishi aliifungua tena. Aliongeza mwanga kidogo upande wa jikoni, akakata kona iliyokuwa na ndoo ya plastiki, halafu akaondoa mkono wake kwenye kompyuta. Picha hiyo, yenye kovu na mikunjo yake, imetiwa fremu na kutundikwa sebuleni kwa mama yake. Nakala ya pili alimpelekea yule mwanamke mzee kijijini, aliyeipokea, akaigusa pale penye kovu kwa kidole, na kuanza kusimulia jinsi siku ile ya kuni ilivyokuwa.

Shangazi bado anayo ile nyingine kwenye simu yake, na anashikilia kwamba ndiyo nzuri.