Vibarua wengi, mkaguzi mmoja

MKULIMA anayeajiri vibarua watano anajua kuwa kazi si kuwapata, bali kumpa kila mmoja ngwe yake na kukagua palizi jioni.

Watengenezaji wa programu za kompyuta nao wamefikia hapo. Zana za akili bandia kama Claude Code, iliyotoka mwaka 2025, hupewa agizo na kuandika programu zenyewe. Mtu mmoja anaweza kuziendesha tatu au nne kwa wakati mmoja.

Hatari ya kwanza ni kugongana. Mbili zikishika faili moja, moja huweza kufuta kazi ya nyingine. Dawa ipo katika Git, mfumo wa kutunza matoleo ya programu ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Tangu 2015 Git huweza kutenga folda kwa kila kazi, na zikishakaguliwa huunganishwa.

Hatari ya pili ni mkaguzi kuzidiwa. Mashine huandika haraka kuliko mtu anavyosoma, na kosa lililopita bila kuonwa humwangukia mwenye duka: stoo haitalingana na mauzo.

Kwa hiyo, unapoagiza programu ya duka lako, usiulize fundi ana zana ngapi. Muulize nani amekagua, na ameijaribu kwa hesabu zipi.