Darubini ya Kwanza Nyumbani

Hapana mzazi asiyefurahi kumwona mwanawe akiinua uso kutazama mbingu na kuuliza. Wengine huona jawabu bora ni kumnunulia darubini. Lakini mara nyingi, baada ya siku tatu, darubini ile huwekwa juu ya kabati ikaingia vumbi, na mtoto akadhani kuwa mbingu hazina la kumwonyesha. Kosa si la mtoto. Kosa lilianza dukani.

Darubini nyepesi kwa mwenye kuanza ni bomba refu lenye lenzi kubwa mbele na lenzi ndogo nyuma, mahali pa kuwekea jicho. Ile ya mbele hukusanya mwanga na kufanya sura. Ile ya nyuma huikuza sura hiyo. Basi la kwanza kuuliza ni upana wa lenzi ya mbele. Mboni ya jicho la kijana gizani hupanuka yapata milimita 7. Lenzi ya milimita 70 ni pana mara 10 kuliko mboni hiyo, kwa hiyo hukusanya mwanga mara 100.

Aghlabu muuzaji hasemi hayo. Hukuonyesha sanduku lililoandikwa kwa herufi kubwa kuwa darubini yakuza mara 525. Na tuhesabu wenyewe. Ikiwa lenzi ya mbele hukusanya mwanga kwa umbali wa milimita 700, na lenzi ya jichoni imeandikwa 20, gawanya: hukuza mara 35. Ikiandikwa 10, hukuza mara 70. Wajuzi huweka mpaka kuwa mara mbili ya milimita za upana wa lenzi. Yaani kwa lenzi ya 70, mara 140. Ukipita hapo sura huwa kubwa, lakini huwa ya ukungu. Tazama na miguu yake: ikiwa yatetemeka kwa kuguswa tu, hata lenzi njema haitafaa kitu.

Wengi huielekeza darubini kwenye mwezi mpevu, usiku wa kumi na nne. Huo ndio usiku usiofaa, kwa kuwa jua huupiga mwezi usoni na vivuli vyote hutoweka. Ngojeni usiku wa saba au wa nane, mwezi ukiwa nusu. Hapo, kwenye mpaka wa nuru na giza, milima na mashimo hutupa vivuli virefu. Karibu na katikati ya mpaka huo yapo mashimo mawili makubwa ya duara, Albategnius na Arzachel. Majina hayo ni matamshi ya Kilatini: la kwanza ni la al-Battani wa Raqqa, aliyefariki mwaka 929, la pili ni la al-Zarqali wa Toledo, Andalusi, wa karne ya 11. Kijana aonyeshwe hayo, lakini asitosheke na kujifaharisha. Wanazuoni wale hawakuipata heshima yao kwa kusifia mababu, bali kwa kukesha wakiipima mbingu.

Kisha atafute sayari. Mshtarii ataiona na miezi yake minne, ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Kila usiku aichore ilipo, naye ataona imehama. Zuhali itaonekana na pete yake, na Zuhura hupata umbo la hilali. Aambiwe mapema kuwa zitakuwa ndogo, si kama picha za vitabuni, asije akavunjika moyo.

Jambo moja halina msamaha: darubini isielekezwe kwenye jua hata kwa nukta moja, kwani hupofusha jicho. Na anayetafuta hilali magharibi angoje mpaka jua lizame lote. Ama hukumu ya kuutazama mwandamo kwa darubini, hiyo twawaachia masheikh.

Ndugu mzazi, ukiisha kununua, usimwachie mtoto sanduku ukaenda zako. Keti naye barazani au uwanjani usiku wa saba, mzishike zamu za kutazama, na umwache aulize. Usilolijua, litafuteni pamoja.