Kufuli la juu ya darubini ya bunduki: linafunga nini hasa?

Novemba ikikaribia, vijana wetu walioko Maine huanza mazungumzo ya kulungu. Wenzao wa kazini wanawaalika porini. Wanasoma kozi ya usalama inayodaiwa na jimbo kwa anayeomba leseni ya kuwinda kwa mara ya kwanza, wananunua fulana na kofia za rangi ya chungwa ambazo sheria inawataka wavae msimu wa bunduki, na Jumapili wanakuja kanisani bila mvutano na mama zao, kwa kuwa huko kuwinda Jumapili ni marufuku. Kisha wananiuliza: kile kifundo cha juu ya darubini, mbona kwenye bunduki ya huyu kinazunguka ovyo, na kwenye ya yule hakigeuki mpaka ukivute?

Najua kuna wazee wa kwetu Bijombo, milimani juu ya Uvira nchini Kongo, watakaokunja uso wakiona nimeandika habari za bunduki. Wana haki. Kule juu bunduki tumeijua kwa vijiji vilivyochomwa na ng'ombe walioporwa, na miongoni mwetu wapo walionusurika mauaji ya kambi ya wakimbizi ya Gatumba, Burundi, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004. Hata hivyo kijana akishapewa bunduki ya kuwindia mkononi, heri ajue kila sehemu yake inafanya kazi gani.

Tuanze na risasi. Ikitoka tu mdomoni mwa bunduki, inaanza kuanguka, sawa na jiwe lililoachiwa mkononi. Risasi inayokwenda kwa wastani wa mita 750 kwa sekunde hufika mita 300 kwa sekunde 0.4, na ndani ya muda huo kitu chochote huanguka takriban sentimita 78. Kwa hiyo mtutu huelekezwa juu kidogo kuliko jicho linavyotazama. Mwindaji huchagua umbali mmoja, mara nyingi mita 100, akarekebisha darubini mpaka msalaba anaouona na tundu la risasi vikutane. Hiyo ndiyo sifuri yake. Ukimpeleka mita 300 na sifuri hiyohiyo, risasi itapita karibu nusu mita chini ya alipolenga.

Kifundo cha juu ndicho kinachofidia anguko hilo. Ndani ya darubini kuna mrija mwembamba ulioshikwa upande wa nyuma, na springi inausukuma kutoka chini. Ukizungusha kifundo, skrubu inausogeza mrija, na msalaba unahama pamoja nao. Kiduara chenye mifereji myembamba na kigololi kinachorukia humo ndivyo vinavyotoa ile sauti ya tik unayoisikia na kuihisi kidoleni. Kwenye darubini za miliradiani, tik moja kwa kawaida huhamisha shabaha sentimita 1 kwa umbali wa mita 100. Nyingine, ambazo Wamarekani wengi wamezizoea, hupima kwa dakika za pembe, na robo dakika ni kama milimita 7 kwa umbali huohuo. Usichanganye vipimo hivi viwili. Kwa mfano wetu wa mita 300, utahesabu tik kama 15 za miliradiani.

Sasa tatizo. Kwa miaka mingi darubini za wawindaji zilikuwa na vifuniko vya kufungua kwa mkono: unaweka sifuri, unafunika, basi. Walipopenda kuzungusha kifundo wakiwa palepale porini, vifuniko viliondolewa na kifundo kikabaki wazi. Kinasugua koti, kinakwama kwenye mfuko wa bunduki, kinagusana na kiti cha gari. Kikihama tik mbili tatu, ukitazama namba utagundua. Kibaya zaidi ni kifundo chenye miliradiani 10 kwa mzunguko kikizunguka mara moja kamili: namba inasoma 0 tena, nawe unaamini uko salama, kumbe kwa mita 300 umekosea mita 3 nzima.

Ndiyo maana ya kufuli. Katika muundo unaojulikana zaidi, kama ule wa darubini ya Vortex Razor HD Gen II, unavuta kifundo juu kidogo ili kigeuke, kisha unakibonyeza kirudi. Kikiwa chini, meno yaliyo ndani yake yanashikana na meno ya mwili wa darubini, na mkono haukigeuzi tena. Kinafungika kwenye namba yoyote. Leupold walichagua njia nyingine kwenye vifundo vyao vya CDS-ZL: kufuli hujifunga lenyewe ukirudi kwenye sifuri, na ili kuondoka hapo lazima ubonyeze kitufe. Kampuni hiyo ya Oregon ilianza mwaka 1907 kwa kutengeneza vyombo vya wapima ardhi, watu ambao teodolaiti zao zina skrubu ya kukaza chombo kisihame baada ya kuelekezwa.

Mimi napendelea mtindo wa Leupold kwa mwindaji mgeni. Kufuli linalofunga popote litafunga pia kosa lako: umezungusha kwa ajili ya kulungu wa mbali, amekimbia, umebonyeza kifundo bila kurudi sifuri, na kesho yake unalenga wa karibu na risasi inapita juu ya mgongo wake.

Lakini kuna mambo ambayo kufuli haliyazuii. La kwanza ni hewa, na hapa ndipo mtu wa Bijombo anapoelewa haraka kuliko jirani yake. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na aliyepanda kwa miguu kutoka Uvira hadi kwetu, zaidi ya mita 2,000, mapafu yake yanajua hewa imepungua. Risasi nayo inakutana na hewa nyepesi: haipunguzwi kasi sana, inafika mapema, na hivyo inaanguka pungufu kuliko ambavyo ingeanguka pwani. Kwa mita 300 tofauti ni ndogo. Mbali zaidi inakua. Kwa hiyo Leupold wanapokuchongea kifundo cha bunduki yako, wanauliza mwinuko wa mahali unapowinda pamoja na aina ya risasi. Kilichochongwa kwa ufuo wa Maine hakitasoma sawasawa kwenye milima ya Colorado, kiwe na kufuli au kisiwe nalo.

Kufuli pia haliwezi kuona skrubu za pete zinazoishika darubini juu ya bunduki. Zikilegea, kifundo kitaonyesha 0 iliyofungwa barabara huku darubini nzima imeshahama. Kabla ya msimu, zikaze kwa kipimo cha mtengenezaji, nenda uwanja wa shabaha, piga karatasi mita 100.